Zebaki hewani: mvuke wa dhahabu usioonekana, madhara yake kwa familia, na jinsi sheria inavyoudhibiti

Kwa ufupi

- Zebaki ni kemikali ya sumu ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamatisha dhahabu. Inapochomwa hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu.
- Hatari kubwa iko kwenye kuvuta mvuke huo. Karibu asilimia 80 ya zebaki inayovutwa hubaki mwilini.
- Wanaoumia zaidi ni mjamzito, mtoto aliye tumboni na watoto wadogo wanaolala au kucheza pale zebaki inapochomwa.
- Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki. Mkataba huo unataka nchi iondoe uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi ya watu.
- Usichome zebaki ndani ya nyumba wala jikoni, hata mara moja. Tumia kifaa cha kuchomea kilichofungwa, mbali na makazi.

Kwa nini tunaandika kuhusu zebaki

Mimi ni muuguzi wa jamii. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kliniki ya mama na mtoto na kutembelea kaya katika vijiji vya miteremko ya Uluguru. Miaka michache iliyopita alikuja mama mmoja mjamzito, mimba yake ya tatu. Alilalamika kichwa kuuma, kukosa usingizi na mikono kutetemeka. "Nesi, nikishika kikombe chai inamwagika. Labda ni presha?" Tulipima presha, ikawa nzuri. Tulipima malaria, hakuna. Wingi wa damu ulikuwa chini kidogo, tukampa vidonge vya kuongeza damu akaenda nyumbani.

Alirudi mwezi uliofuata akiwa vilevile. Safari hiyo ndipo nilipouliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mwanzoni: nyumbani kwenu mnafanya kazi gani? Mume wake alikuwa akichekecha dhahabu mtoni. Jioni alirudi na kidonge cheupe cha dhahabu iliyochanganyika na zebaki, akakichoma kwenye jiko la mkaa, chumba kilekile wanachopikia, mlango umefungwa ili majirani na wezi wasijue kuna dhahabu. Mama alikuwa amekaa pembeni na mtoto wake wa miaka miwili mgongoni.

Familia ile haikuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyewahi kuwaambia, na mimi sikuuliza mapema. Makala haya ni kwa ajili ya familia kama hiyo, na kwa wahudumu wa afya wenzangu ambao bado hawajaanza kuuliza swali hilo.

Zebaki ni nini, na inaingiaje hewani

Zebaki ni metali, lakini kwenye joto la kawaida ni kimiminika kizito kinachong'aa kama fedha. Wengi wetu tuliiona kwanza ndani ya kipimajoto cha kioo. Viwandani imetumika kutengenezea vipimajoto, mashine za kupimia presha, taa, betri na baadhi ya kemikali. Hapa nchini matumizi yanayogusa watu wengi zaidi ni uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Kazi inakwenda hivi. Mawe husagwa kwenye karasha, au mchanga huchotwa mtoni. Mchanga hupitishwa kwenye mwalo au karai ili ule mzito ubaki. Kisha zebaki humwagwa na kusuguliwa kwa mikono ili ikamate chembe ndogo za dhahabu. Zebaki inayozidi hukamuliwa kwa kitambaa, kinabaki kidonge laini chenye dhahabu na zebaki, mara nyingi karibu nusu kwa nusu. Kidonge hicho kikichomwa, zebaki huondoka na dhahabu hubaki.

Lakini "huondoka" kwenda wapi? Zebaki huchemka ikifika nyuzi joto 357. Inakuwa mvuke, unaingia hewani, na yeyote aliye karibu anauvuta. Mvuke ukipoa, sehemu yake hugeuka tena matone madogo sana yanayoganda kwenye kuta, paa la nyasi, nguo, blanketi na nyufa za sakafu ya udongo. Hata bila moto, matone hayo huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo kila siku. Chumba kilichochomewa zebaki Jumatatu kinaweza kuwa na hewa chafu bado wiki zinazofuata.

Kwa dunia nzima, tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba shughuli za binadamu ziliingiza hewani tani 2,220 hivi za zebaki katika mwaka 2015. Asilimia 38 zilitokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Uchomaji wa makaa ya mawe ulikuwa wa pili kwa mbali, asilimia 21. Kwa hiyo chanzo cha kwanza cha zebaki hewani duniani ni maelfu ya majiko na makarai madogo, yakiwa mbele ya mabomba ya viwanda vikubwa.

Kwa nini kuvuta ni hatari kuliko kumeza

Jambo hili huwashangaza watu. Zebaki ya kimiminika ikimezwa, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka na choo, kwa sababu utumbo huifyonza kidogo sana. Hii haina maana kwamba imezwe. Maana yake ni kwamba mapafu ndiyo mlango mkubwa. Mvuke ukivutwa, karibu asilimia 80 hupita kutoka kwenye mapafu kuingia kwenye damu. Damu huufikisha kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mwongozo kwa mvuke wa zebaki hewani: mikrogramu 1 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka mzima. Gramu moja ina mikrogramu milioni 1. Maana yake gramu moja tu ya zebaki inahitaji mita za ujazo milioni 1 za hewa ili ishuke hadi kiwango hicho. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 22 na nusu tu. Kwa hiyo kufungua dirisha kidogo hakutoshi.

Hali ya huku kwetu

Milima ya Uluguru inapanda zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka humo inaanza mito inayolisha Mto Ruvu, ambao maji yake yananywewa hadi Dar es Salaam, pamoja na Mto Ngerengere unaojaza Bwawa la Mindu linalohudumia Manispaa ya Morogoro. Mkoa wa Morogoro una wachimbaji wadogo wa dhahabu katika wilaya kadhaa, na wengine hufanya kazi mabondeni na kandokando ya mito.

Mazingira ya milimani yanaongeza hatari ya hewa kwa namna mbili. Kwanza ni baridi. Huku juu watu hufunga milango na madirisha mapema jioni, na moto huwaka ndani. Mtu akichomea zebaki jikoni wakati huo, familia nzima iko chumba kimoja na mvuke. Pili ni mabonde yenyewe. Usiku usio na upepo hewa ya baridi hutulia bondeni, na moshi wa vijiji unabaki chini hadi jua lipande. Sote tumeuona asubuhi ukiwa umelala kama shuka juu ya mto. Mvuke wa zebaki hauonekani, lakini nao unahitaji upepo ili utawanyike.

Kuna pia suala la maji. Zebaki inayotoka hewani hurudi chini na mvua, na ile inayomwagwa mtoni hukaa kwenye tope. Humo vijidudu huibadilisha kuwa aina nyingine ya zebaki inayojikusanya kwenye samaki. Hiyo ndiyo iliyowaumiza watu wa mji wa Minamata nchini Japani, ambako kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga taka zake baharini. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa tunaouzungumzia hapa chini ulipewa jina la mji huo.

Zebaki inafanya nini mwilini

*Ukivuta mvuke mwingi kwa mara moja,* kwa mfano ndani ya chumba kilichofungwa, dalili huanza ndani ya saa chache: kikohozi, kifua kubana, kupumua kwa shida, homa, kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Mapafu yanaweza kuvimba na kujaa maji. Watu wamekufa kwa njia hii. Hii ni dharura: mtoe mgonjwa nje kwenye hewa safi na mpeleke hospitali mara moja.

*Ukivuta kidogo kidogo kwa miezi au miaka,* dalili huja taratibu:

- mikono, kope au midomo kutetemeka, mwandiko kuharibika
- kukosa usingizi, kusahau, kuumwa kichwa
- hasira za haraka, aibu isiyo ya kawaida, huzuni
- fizi kuvimba, mate mengi, meno kulegea
- uchovu na udhaifu wa misuli
- matatizo ya figo, ambayo mara nyingi huonekana kwanza kama protini kwenye mkojo

*Kwa mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga,* ubongo ndio unaojengwa, na zebaki huuvuruga ujenzi huo. Madhara yanaweza kuonekana baadaye kama mtoto kuchelewa kukaa, kutembea, kusema au kujifunza. *Kwa watoto wadogo,* zebaki inaweza pia kuleta viganja na nyayo kuwa vyekundu, kuuma na kubanduka ngozi, pamoja na jasho jingi, presha kupanda na mtoto kulialia bila kutulia.

Ugumu wetu vituoni ni kwamba orodha hii inafanana na magonjwa tunayoyaona kila siku. Kichwa na homa tunasema malaria. Kutetemeka tunasema presha au pombe. Hasira na usahaulifu, jirani anasema amerogwa. Ndiyo maana swali la kazi na makazi lina thamani kuliko kipimo: Je, wewe au mtu wa nyumbani kwenu anachekecha, kuchoma au kununua dhahabu? Inachomewa wapi?

Vipimo na matibabu

Zebaki iliyovutwa hupimwa hasa kwenye mkojo. Kipimo hiki hakifanyiki zahanati. Sampuli hupelekwa maabara kubwa kupitia hospitali. Usisubiri kipimo ndipo uache kuvuta mvuke. Hatua ya kwanza ya tiba, na iliyo muhimu zaidi, ni kuondoka kwenye chanzo. Mtu akiacha kuvuta, zebaki iliyomo mwilini hupungua kwa nusu katika muda wa miezi miwili hivi, kisha nusu ya iliyobaki, na kuendelea. Dalili nyingi za mwanzo hupungua. Uharibifu wa muda mrefu wa ubongo na figo unaweza usirudi nyuma.

Zipo dawa zinazoshika zebaki na kuitoa kwa mkojo, lakini hutolewa hospitali na daktari, kwa wagonjwa wachache, na hazina maana kama mgonjwa atarudi kulala kwenye chumba kilekile.

Sheria inasema nini

Hapa panahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu wananchi wengi huniambia, "Kama ni sumu, mbona inauzwa?"

Njia ya kawaida ya kudhibiti kemikali hewani ni kuweka kiwango kwenye bomba la kiwanda. Mkaguzi anakuja, anapima kinachotoka, akikuta kimezidi anatoza faini au anafunga. Njia hiyo inafanya kazi pale penye bomba moja na mwenye mali anayejulikana. Mvuke wa zebaki unatoka kwenye kikaango, nyuma ya nyumba, saa mbili usiku. Hakuna mkaguzi anayeweza kusimama kila jikoni. Kwa sababu hiyo udhibiti wa zebaki umegawanywa sehemu nne, na kila sehemu ina mwenyewe.

*1. Mlangoni na dukani.* Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inataka anayeingiza, kuhifadhi, kusafirisha au kuuza kemikali kama zebaki asajiliwe na awe na kibali. Msimamizi ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali (GCLA). Zebaki inayouzwa kwenye chupa ndogo isiyo na jina, kwa mtu asiye na usajili, iko nje ya sheria hiyo. Hata hivyo ndiyo inayowafikia wachimbaji wengi, na mara nyingi anayenunua dhahabu ndiye anayeileta.

*2. Mgodini.* Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake za mazingira kwa wachimbaji wadogo zinamtaka mwenye leseni atumie zebaki kwa namna salama: kuchoma kwa kifaa kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa kimiminika, na kuosha mchanga kwenye bwawa maalum, si mtoni. Msimamizi ni Tume ya Madini kupitia ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Watoto hawaruhusiwi kufanya kazi migodini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja kazi hiyo miongoni mwa kazi hatarishi. Hata hivyo, mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto na zebaki kwenye machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Ilionyesha watoto wakichanganya na kuchoma zebaki kwa mikono mitupu.

*3. Kwenye mazingira.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Chini ya sheria hiyo zilitungwa kanuni za viwango vya ubora wa hewa mwaka 2007. Sheria hiyohiyo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, bwawa au chanzo cha maji. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na kwa mito yetu ipo pia Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu yenye makao yake Morogoro.

*4. Kimataifa.* Mkataba wa Minamata ulipitishwa Oktoba 2013 na Tanzania ikautia saini mwezi huohuo. Ulianza kutumika Agosti 2017, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Mkataba haukupiga marufuku zebaki kwa wachimbaji wadogo kwa siku moja. Unataka nchi ipunguze na, inapowezekana, iondoe kabisa matumizi hayo, na iwe na mpango wa taifa. Mpango huo unapaswa kuondoa mambo manne yaliyo mabaya kuliko yote:

- kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa bila kuyachekecha kwanza
- kuchoma kidonge cha zebaki mahali pa wazi bila kifaa cha kukamata mvuke
- kuchoma zebaki kwenye makazi ya watu
- kutumia sianidi kwenye marudio ambayo bado yana zebaki

Mpango pia unatakiwa uwe na sehemu ya afya, ikiwemo kuwafundisha wahudumu na kuwalinda wajawazito na watoto. Tanzania iliandaa mpango wake wa taifa kwa kipindi cha 2020 hadi 2025.

Kwa nini zebaki haikupigwa marufuku moja kwa moja? Sababu inayotolewa ni kwamba familia nyingi zinaishi kwa kazi hii, na marufuku ya ghafla huisukuma zebaki gizani, ndani zaidi ya nyumba, ambako mvuke unaua zaidi. Hoja hiyo ina uzito. Yule baba alifunga mlango kwa hofu, si kwa ukaidi. Lakini kuvumilia kuna masharti yake. Kama kifaa hakipatikani, kama mwalo wa pamoja haujajengwa na kama hakuna anayeuliza, uvumilivu huo unalipwa na mtoto aliye mgongoni.

Kiungo kinachokosekana: sheria ndogo ya kijiji

Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Rasimu hujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kijiji chenye uchimbaji kinaweza kuweka mambo matatu tu yanayoeleweka na kila mtu: zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala kwenye makazi, kuwe na eneo moja la kuchomea lenye kifaa cha pamoja, watoto na wajawazito wasifike hapo. Kamati ya mazingira ya kijiji inaweza kusimamia. Jirani anaujua moshi wa jirani yake kuliko mkaguzi wa mbali.

Unaweza kufanya nini leo

*Kama wewe ni mchimbaji au unanunua dhahabu:*

- Tumia kifaa cha kuchomea kilichofungwa. Ni chungu kidogo cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba linaloshuka kwenye maji ya baridi. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, na zebaki inadondoka kwenye maji ikiwa kimiminika. Kikitumika vizuri hurudisha sehemu kubwa ya zebaki, nawe unaitumia tena badala ya kununua nyingine.
- Usikifungue kikiwa bado cha moto. Mvuke uliobaki ndani utakupiga usoni.
- Chomea nje, mahali pa wazi, mbali na nyumba, shule, kisima na mto. Simama upande upepo unakotoka.
- Kitambaa au barakoa ya kawaida haizuii mvuke wa zebaki. Isikupe ujasiri.
- Punguza zebaki kwa kuchekecha vizuri kwanza, ukamatishe ule mchanga mzito tu.
- Uliza ofisi ya madini kuhusu njia zisizo na zebaki. Baadhi ya wachimbaji, hasa Ufilipino, huyeyusha mchanga mzito wa dhahabu kwa kutumia boraksi. Haifai kwa kila aina ya mwamba na inahitaji mafunzo, lakini inawezekana.

*Kama uko nyumbani:*

- Zebaki isiingie ndani, hata ikiwa kwenye chupa. Isihifadhiwe kwenye chombo cha soda, maji au dawa.
- Sufuria, kijiko au kikaango kilichochomea zebaki kisitumike tena kwa chakula. Kukisugua hakutoshi.
- Nguo za kazini zibaki nje na zifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mtoto.
- Kama zebaki imewahi kuchomewa ndani, hamisha watoto na mjamzito walale chumba kingine, fungua madirisha na milango kwa siku nyingi, na ondoa mikeka, magodoro na tabaka la juu la sakafu ya udongo. Usifagie kwa nguvu. Ufagio hutawanya matone.

*Kama wewe ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii:* ongeza swali la dhahabu kwenye mazungumzo yako na kila mjamzito katika maeneo ya uchimbaji. Uliza kwa upole na umhakikishie kwamba humpeleki popote. Ukiuliza kama askari, utajibiwa kama askari.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

*Je, kunywa maziwa kunaondoa zebaki?* Hapana. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayafiki kwenye mapafu na hayatoi zebaki kwenye damu. Kinachosaidia ni kuacha kuvuta.

*Nanyonyesha na mume wangu alikuwa akichomea ndani. Niache kunyonyesha?* Usiache kwa hofu. Acha kwanza uchomaji, hama chumba, kisha njoo kliniki tuzungumze. Maziwa yako bado yana faida kubwa kwa mtoto.

*Kipimajoto cha kioo kimevunjika ndani. Nifanye nini?* Watoe watoto, fungua madirisha, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Kusanya matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, yaweke kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, na uipeleke kituo cha afya. Usitumie ufagio wala kumwaga chooni. Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini vipimajoto na mashine za presha za zebaki, lakini vya zamani bado vipo kwenye kabati nyingi.

*Sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki?* Baadhi zina zebaki, na huharibu figo. Bidhaa isiyoonyesha viambato, usipake, hasa ukiwa mjamzito.

*Nimeona watu wanachoma zebaki karibu na shule. Nimwambie nani?* Anza na mwenyekiti wa kitongoji au ofisa mtendaji wa kijiji. Asipochukua hatua, nenda kwa ofisa mazingira au ofisa afya wa halmashauri, ofisi ya madini ya mkoa, au ofisi ya kanda ya NEMC. Kuuza zebaki bila kibali ni suala la GCLA.

Mwisho

Yule mama alijifungua salama. Mume wake alikuja kliniki mwenyewe, akakaa kwenye benchi la wajawazito bila aibu, akauliza kifaa cha kuchomea kinapatikana wapi. Yeye na wenzake wanne walichanga fedha, wakatengenezewa na fundi wa kuchomelea, wakakiweka ng'ambo ya bonde. Mikono ya mama ilitulia baada ya miezi kadhaa. Mtoto tunaendelea kumfuatilia kliniki, uzito na hatua zake, kwa sababu mengine yataonekana akianza kusema na kwenda shule.

Kama nyumbani kwenu kuna kazi ya dhahabu na una mimba au una mtoto mdogo, njoo kituo cha afya kilicho karibu nawe na ulitaje jambo hilo la dhahabu kabla hujaulizwa. Hutashtakiwa. Ukilisema mapema, tutakuwa na nafasi zaidi ya kukusaidia wewe na mtoto.